Vidole Vinapokufa Ganzi Juu ya Pikipiki: Maswali ya Wasomaji

Tangu kipupwe kianze, barua zinazofika kwenye ukurasa huu zimebadilika. Miezi ya masika tulikuwa tukiulizwa habari za matairi na utelezi. Sasa wasomaji wa Njombe, Rungwe na Nyandarua, pamoja na ndugu zetu walio Ulaya ambao kwao baridi ina msimu wake mwingine, wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: afanye nini mtu ambaye mikono na miguu yake inakufa ganzi kabla hajafika anakokwenda? Msomaji wa Tanga au Mombasa anaweza kudhani tunatania. Akumbuke tu kwamba joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 na nusu kila mtu anapopanda mita 1,000, na kwamba mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo takriban mita 2,600, mahali ambapo Juni na Julai nyasi huamka na umande ulioganda.

Nimechagua barua tano.

*Shikamoo mhariri. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Njombe mjini. Siku nne kwa wiki ninaondoka saa kumi na moja alfajiri kumpeleka mteja wangu Makambako, mwendo wa kama kilomita 60. Nikifika katikati ya njia vidole havinitii. Juzi ng'ombe alikatiza, nikakaza mkono bila kujua kama nimekamata breki ya mbele au sijaikamata. Nimenunua glavu nene mara mbili, za pili ghali kuliko za kwanza, na hali ni ile ile. Ni glavu zipi zinazofaa?*

Marahaba. Nimefurahi kwamba ng'ombe alipona na wewe ukapona, lakini swali lako limeanzia mwishoni. Glavu ni jambo la nne au la tano katika safari hii, na ndiyo maana fedha yako imeliwa mara mbili bila faida.

Mwili ukipatwa na baridi hufanya kama mama mwenye nyumba mwaka wa njaa: huwapa kwanza walio chumbani, na wale walio barazani husubiri. Chumbani ni moyo, mapafu, ini na ubongo. Barazani ni vidole vya mikono na miguu. Kifua kinapopoa, mishipa midogo ya damu iendayo vidoleni husinyaa ili joto lisipotee, na kidole kisichopata damu ya moto hakina namna ya kujipasha chenyewe. Glavu haitengenezi joto; inahifadhi lile lililoletwa na damu. Ukiweka chupa ya maji baridi ndani ya blanketi, asubuhi utaikuta baridi vilevile. Kwa hiyo dereva aliyevaa glavu za bei kubwa na koti ambalo zipu yake imekufa atateseka zaidi kuliko yule mwenye glavu za kawaida na kifua kilichofungwa barabara.

Jambo la pili ni upepo, na hapa pikipiki inatofautiana na kutembea kwa miguu. Mwaka 2001 Marekani na Kanada zilianza kutumia kipimo kipya cha namna upepo unavyoongeza makali ya baridi, kilichotokana na kupima ngozi ya uso wa binadamu. Kwa kipimo hicho, hewa ya nyuzi 5 ikikupiga kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba uko kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri. Tuelewane vizuri: upepo hauwezi kuishusha ngozi kavu chini ya joto halisi la hewa, kwa hiyo katika nyuzi 5 vidole vyako havitaganda kuwa barafu. Vitafika haraka sana, hata hivyo, mahali pa kufa ganzi, na dereva hahitaji zaidi ya hapo kupata ajali. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja ya kutafuta breki kwa kidole kisichohisi ndiyo umbali uliokuwa kati yako na yule ng'ombe.

Basi anza hivi. Vaa sweta, la sufu ikiwezekana, kwa sababu pamba ikilowa jasho au umande hukaa na ubaridi wake kutwa nzima. Juu ya sweta weka kurasa kadhaa za gazeti kifuani na tumboni, kisha funga koti lisilopitisha upepo. Usicheke, waendesha baiskeli wa mashindano ya milimani wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nimevuka Makete mara nyingi nikiwa na gazeti zima kifuani, habari za michezo zikiwa upande wa moyo. Shingo ifungwe kwa skafu au kipande cha kitenge, na ncha zake zote ziingie ndani ya koti. Kitambaa kinachopepea nyuma ya pikipiki kinatafuta mnyororo, na kikiupata hakimwachi mwenye shingo. Halafu angalia kifundo cha mkono. Pale mishipa ya damu inapita karibu kabisa na ngozi, na wengi wetu huacha uwazi wa vidole viwili kati ya glavu na mkono wa koti, upepo ukaingia humo hadi kwapani. Kata soksi kuukuu upande wa vidole, ivae kama bangili ndefu, uwazi utakwisha.

Baada ya hapo ikinge mikono yenyewe isikutane na upepo. Kuna vikinga mkono vya plastiki vinavyofungwa kwenye usukani mbele ya vipini, na kuna mifuko minene inayofunika kipini, breki na klachi pamoja, ukaingiza mkono ndani yake. Mifuko hiyo ndiyo kinga bora kuliko zote nilizowahi kutumia, ila ina hila moja. Ikiwa laini mno, upepo wa mbele huisukuma hadi ikaegemea mkono wa breki, taa ya breki ikabaki inawaka na breki ikawa inashika kidogokidogo njia nzima bila wewe kujua. Baada ya kuifunga, mwambie mwenzako asimame nyuma, wewe uibonyeze mifuko kwa kiganja kutoka mbele, naye akuambie kama taa imewaka. Kama huna fedha ya vitu hivyo, dumu la mafuta ya kula la lita 5 likikatwa katikati kwa urefu linatoa vikinga viwili. Toboa matundu, kaza kwa waya na vipande vya mpira wa tairi ili lisitetemeke, kisha zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia na ukamate breki na klachi hadi mwisho. Likigusa popote, punguza.

Sasa tufike kwenye glavu. Nene si lazima iwe nzuri. Ikiwa inakubana, inafunga mishipa ileile unayotaka ifunguke, na inafukuza ile hewa tulivu ya ndani ambayo hasa ndiyo inayotunza joto. Kunja ngumi dukani: ukihisi kitambaa kimevutika juu ya vifundo vya vidole, irudishe. Afadhali glavu mbili, nyembamba ya sufu ndani na pana isiyopitisha upepo nje. Kwenye mabunda ya mitumba mara nyingi hutokea glavu za watu wanaoteleza kwenye theluji, na wauzaji huzitupia bei ya chini kwa sababu wateja wa mijini hawajui kazi yake. Hakikisha tu kwamba kidole kimoja kinaweza kukamata breki peke yake bila kukwama.

Na katikati ya safari, simama. Gusisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho cha mkono uleule. Zisipokutana kwa urahisi, mkono huo haufai kushika breki, awe mteja ana haraka au hana. Shuka, zungusha mikono yote miwili kwa nguvu kama mtu anayerusha jiwe kwa kombeo, mara 20 au 30, na damu itasukumwa hadi vidoleni. Itauma inaporudi, nawe uivumilie, kwa maana ndiyo dalili kwamba imefika.

*Kwako mhariri, salamu kutoka Njabini, Kinangop. Mimi hubeba mitungi ya maziwa kwa pikipiki kutoka kwa wakulima hadi kwenye kituo cha kukusanyia, kuanzia saa kumi na moja na nusu. Shida yangu ni miguu. Ninavaa gambuti na soksi pea tatu, lakini vidole vinauma mpaka natamani kulia, na jioni nikikaa karibu na moto vinawasha na kuvimba, vimekuwa rangi ya zambarau. Mke wangu anasema ni fangasi. Je, ni kweli?*

Kwa heshima zote, mke wako amekosea. Fangasi hupenda katikati ya vidole na hubanduabandua ngozi. Unachoeleza wewe kinafanana zaidi na uvimbe wa baridi, ambao huwapata watu ambao vidole vyao hupoa kwa muda mrefu katika hali ya unyevunyevu kisha vikapashwa moto ghafla. Hauhitaji theluji wala barafu. Kwenye ngozi yetu hauonekani mwekundu kama picha za vitabu zinavyoonyesha, bali zambarau au weusi uliokolea, na kwa kawaida hupona wenyewe ndani ya wiki mbili tatu endapo miguu itabaki kavu na yenye joto. Usikune, na usiiweke miguu mbele ya moto. Ngozi ikipasuka na kutoa majimaji, au ikiwa una kisukari, usisubiri wiki hizo, nenda zahanati.

Gambuti lako ni rafiki wa nusu. Linazuia upepo na maji, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayepita kwenye nyasi zenye umande, lakini mpira wenyewe ni mwembamba, hauhifadhi joto, na jasho lililomo ndani halina pa kutokea. Unapoingiza soksi tatu, mguu unabanwa hadi damu inapita kwa shida, jasho linaongezeka kwa sababu ya unene, na baada ya saa moja umevaa kitambaa kilicholowa ndani ya mpira baridi. Nunua gambuti linalozidi saizi yako kwa namba moja au mbili. Vaa soksi moja nyembamba na moja nene ya sufu, basi. Chini ya unyayo weka soli uliyoikata mwenyewe kutoka kwenye kipande cha zulia au blanketi kuukuu, kwa maana sehemu kubwa ya baridi yako inatokea chini, kwenye kikanyagio cha chuma. Kitazame kikanyagio hicho leo hii. Kwenye pikipiki nyingi za kazi mpira wake umeshaisha au umeanguka, na dereva anakanyaga chuma kitupu ambacho kimelala nje usiku kucha. Mpira mpya ni bei ndogo kuliko kilo chache za sukari, na sijui kwa nini watu hukubali kuteseka miaka miwili kwa ajili yake.

Suruali ya mvua ipite nje ya gambuti, isiingizwe ndani. Nimewaona wabeba maziwa wengi wakiichomeka suruali ndani ili ionekane nadhifu, na kila tone linaloshuka gotini linamalizikia kidoleni. Wakati wa mvua, kati ya soksi nyembamba na ile nene, unaweza kuvaa mfuko wa mkate. Ninasema mfuko wa mkate kwa sababu ile mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na kwetu Tanzania tangu Juni 2019, lakini mkate bado huja na nguo yake. Mfuko huo hauruhusu jasho lifike kwenye soksi ya sufu, ambayo hubaki kavu na kuendelea na kazi. Ubaya wake ni kwamba soksi ya ndani italowa. Kwa hiyo uwe na nyingine kavu mfukoni, ubadilishe ukifika kituoni, ukaushe katikati ya vidole kabla ya kuivaa.

Kazi yako pia ina baraka ambayo dereva wa safari ndefu hana: unasimama kila lango. Usimalize kila kitu ukiwa umekaa juu ya pikipiki. Shuka, tembea hadi kwenye mtungi, ubebe mwenyewe, simama kwa ncha za vidole mara kumi. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu ya damu ya huko chini, na pampu usiyoifanyisha kazi huna haki ya kuilaumu.

*Ndugu mhariri, sisi wa kijiwe chetu huku Uyole tunabishana. Wengine wanapasha mikono kwenye injini na eksozi, wengine wanasema dawa ni kunywa kidogo kabla ya kuondoka. Nani yuko sahihi?*

Hakuna. Mkono uliokufa ganzi haujui kwamba unaungua. Atakayekwambia ni harufu, na hapo ngozi imeshaondoka. Glavu za nailoni nazo huyeyuka zikagandana na kiganja. Weka mikono kwapani, ndani ya koti, dakika tano, au shika kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili kabla ya kukinywa.

Pombe nayo ni tapeli. Inaifungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto usoni na mikononi, na wakati huohuo joto la chumbani linatoroka kupitia mlango uliofunguliwa. Vile vipakiti vya pombe kali tulivyoviita viroba, ambavyo Tanzania ilivipiga marufuku mwezi Machi 2017, viliwaondoa vijiweni vijana wengi waliodhani wanafukuza baridi. Sigara ni kinyume chake na ubaya uleule: nikotini inasinyaza mishipa ya vidoleni, yaani unamsaidia adui. Na mkishapiga kambi usiku mkisubiri abiria wa mabasi, msiingize jiko la mkaa ndani ya kibanda mkafunga mlango. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na aliyelala nayo hapati nafasi ya kubishana tena.

*Habari za kazi mhariri. Ninaishi Leicester, Uingereza, ninasambaza vyakula kwa pikipiki ya cc 125. Januari iliyopita nilifunga vipini vya umeme vinavyopata moto, lakini mgongo wa mkono uliendelea kuganda na betri ikawa inakufa kila baada ya siku mbili. Zaidi ya hayo, vidole viwili vya mkono wa kulia huwa vyeupe kabisa kama chaki kwa dakika 20, kisha vinakuwa bluu, kisha vinauma. Hata nikishika maziwa kwenye friji hutokea. Je, ni glavu?*

Umeuliza mambo mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza. Nitaanza na jepesi.

Vipini vya umeme vinapasha kiganja, ilhali upepo unapiga mgongo wa mkono. Bila kinga ya mbele ni sawa na kuota moto huku umeegemea ukuta wa barafu. Funga ile mifuko ya usukani niliyoieleza kwa msomaji wa Njombe. Huko uliko madereva wa vyakula wengi wanayo, na ndani yake hata kipini cha moto mdogo kinatosha pamoja na glavu nyembamba, jambo linalokurudishia hisia ya breki. Kuhusu betri, vipini hivyo kwa kawaida hula wati 30 hadi 50, na altaneta ya pikipiki ndogo haina akiba kubwa baada ya taa na mfumo wa kuwasha injini kuchukua sehemu yao. Kazi yako inaongeza tatizo: unasimama, unazima, unawasha, mara 30 kwa usiku mmoja, na betri haipati muda wa kujaa. Waya wa vipini upitie relei, yaani swichi inayokata umeme wenyewe pale funguo inapozimwa, na uwe na fyuzi yake. Ukiufunga moja kwa moja kwenye betri, siku utakayosahau kuzima utasukuma pikipiki hadi nyumbani. Glavu za umeme zenye betri zake ndogo zinafaa zaidi kwa pikipiki ya aina yako, mradi uwe na betri za akiba, kwa sababu katika moto mkubwa hazidumu zamu nzima.

Sasa vidole vyeupe. Vidole vinavyobadilika kwa mpangilio huo, vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu vyenye maumivu, na vinavyofanya hivyo hata kwa baridi ndogo ya friji, vina jina katika utabibu: hali ya Raynaud, kwa kumbukumbu ya daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliyeieleza mwaka 1862. Mishipa ya vidole hukaza kupita kiasi kinachohitajika. Kwa wengi ni usumbufu tu, lakini kwa baadhi ni ishara ya ugonjwa mwingine, ukiwamo ule wa kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe, na kwa watu wa kazi kama yetu inaweza kuletwa na miaka mingi ya kushika mitambo inayotetemeka. Kwamba kwako ni vidole viwili vya mkono mmoja ni jambo la kumwambia daktari hivyo hivyo, bila kulipunguza. Mwambie pia kazi unayofanya, umeifanya kwa miaka mingapi, na kama unavuta sigara. Ngozi nyeusi haiwi nyeupe kama chaki kila mara. Tazama kucha na upande wa kiganja, na ukipige picha kidole wakati kimebadilika, kwa sababu siku ya miadi kitakuwa na rangi yake ya kawaida na utaonekana mtu mwenye wasiwasi. Zipo dawa za kulegeza mishipa ambazo daktari anaweza kukuandikia.

Nyongeza moja kwa Januari ijayo. Hewa ikishuka chini ya sifuri hesabu ya upepo inabadilika maana: katika nyuzi sifuri kwa kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba uko kwenye karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, na hewa ikiwa chini ya sifuri kweli, ngozi inaweza kuganda. Kidole kikiwa kigumu kama nta na hakihisi chochote, usikisugue wala usikianike motoni. Nenda hospitali, na kama huwezi kufika upesi na hakuna hatari ya kukigandisha tena, kitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, yaani maji ambayo kiwiko cha mtu mwenye afya hakiyaogopi. Na siku barabara inapometa alfajiri bila mvua kunyesha, hiyo ni barafu nyembamba. Acha pikipiki nyumbani. Najua Wajerumani wana mkutano wao wa pikipiki wa katikati ya theluji, ulioanza mwaka 1956, unaoitwa Mkutano wa Tembo kwa heshima ya pikipiki ya Zündapp iliyopewa jina la mnyama huyo. Wale wanakwenda kwa starehe yao, wamebeba nyasi kavu za kulalia, na hakuna anayewangoja na wali wa kuku.

*Mhariri, mimi ni mama wa Tukuyu. Mtoto wangu wa miaka tisa ana selimundu. Shule iko mbali, anapelekwa na bodaboda tunayemwamini, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda. Mwezi huu ameshapata maumivu ya mikono na miguu mara mbili. Nimwachishe kupanda pikipiki?*

Pole sana, mama. Baridi ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuchochea maumivu ya selimundu: mishipa inasinyaa, damu inakwenda polepole, na chembe zenye umbo la mundu zinakwama njiani. Upepo wa pikipiki asubuhi ya ukungu unafanya hivyo kwa ukamilifu. Ikiwa kuna njia nyingine ya kumfikisha shuleni, hata daladala inayochelewa, naichagua hiyo kwa miezi ya Juni hadi Agosti, na ningekwenda kwa mwalimu mkuu na karatasi ya kliniki kumwomba mtoto aruhusiwe kufika jua likishatoka. Walimu wengi hukubali wakielezwa, kwa kuwa hawataki wao wenyewe kumbeba mtoto anayelia kwa maumivu.

Ikiwa hakuna njia nyingine, kwanza uliza anakaa wapi. Madereva wengi huwaweka watoto mbele, juu ya tangi, wakidhani ndiko salama kwa kuwa wanawaona. Mtoto aliyekaa mbele ndiye kioo cha kuzuia upepo cha dereva. Mikono yake iko wazi juu ya tangi la chuma, na katika ajali yeye ndiye wa kwanza kugonga usukani. Akae nyuma, amejificha mgongoni kwa dereva, amevaa kofia ngumu ya saizi yake, mikono ndani ya glavu za kidole kimoja, zile ambazo vidole vinne hukaa chumba kimoja na kupeana joto, kwa maana yeye hashiki breki. Miguu yake ifike kwenye vikanyagio. Isiyofika inaning'inia kwenye upepo, na ni hatari kwa sababu nyingine pia. Soksi za sufu hadi gotini, suruali ndani ya sketi au juu ya kaptula ya shule hata kama sare hairuhusu; atavua akifika. Na dereva asipakie mshikaki. Umwambie aende kilomita 30 kwa saa, na umlipe kidogo zaidi kwa ajili ya mwendo huo, ili asiufidie.

Kabla hajatoka anywe uji au maji ya uvuguvugu ya kutosha, kwa kuwa upungufu wa maji mwilini huchochea maumivu yaleyale, na baridi huwafanya watoto wasahau kiu. Dawa zake za kliniki zisirukwe hata siku moja. Maumivu madogo ya vidole mpatie joto la nguo kavu na dawa ya maumivu aliyoandikiwa. Lakini akipata homa, akibanwa kifua au kupumua kwa shida, maumivu yakizidi dawa, au upande mmoja wa mwili ukilegea, hapo hamsubiri daktari wa zamu ya kesho. Mnakwenda hospitali saa ileile, iwe usiku au mchana.

Dereva naye apewe namba yako ya simu na neno moja zaidi: mtoto wa selimundu aliyezoea kupiga soga njiani akinyamaza ghafla, asimame, amvue glavu moja na amguse vidole.